Karo la Nyumba ya Shamba: Tusingoje Lifurike



Kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, katika kaunti za Wright na Sherburne, mashamba ya mahindi yanageuka vitongoji mwaka hadi mwaka, na jamaa wanaotafuta nyumba yenye nafasi huelekea huko. Mjini maji machafu huchukuliwa na mabomba ya manispaa. Mashambani aghalabu bomba hilo halipo; kila nyumba ina karo lake, na mwenye nyumba ndiye manispaa.

Wengi wetu tumekulia penye makaro ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, na desturi tuliyoizoea ni kungoja karo lijae, kisha liitwe gari la kunyonya. Desturi hiyo huku ni hasara. Tangi la huku hujaa maji sikuzote, na ndivyo litakiwavyo kuwa. Kinachodhuru ni tope.

JINSI LINAVYOFANYA KAZI

Ndani ya tangi mna tabaka tatu. Mafuta huelea juu, tope hutuama chini, na katikati hubaki maji yaliyotulia, ambayo hupita bombani kwenda kwenye uwanja wa mchujo. Huko udongo na vijidudu vyake huyasafisha kabla hayajafikia maji ya ardhini. Tope likiachwa lipande, hutoka pamoja na maji na kuuziba udongo. Hapo kulinyonya tangi hakuurudishii uwanja uhai wake. Kunyonya hugharimu dola mia chache. Uwanja mpya hugharimu maelfu mengi.

Aidha, kisima cha maji ya kunywa aghalabu kimo katika kiwanja hichohicho. Maji yasiyochujika hupeleka kisimani vijidudu na naitreti, na naitreti ikizidi huipunguzia damu ya mtoto mchanga uwezo wa kubeba oksijeni. Kuyachemsha maji hakuiondoi naitreti, bali huizidisha makali. Yafaa kisima kipimwe kila mwaka.

YANAYOTUPASA

1. Sheria ya Minnesota yataka tangi likaguliwe au linyonywe kila miaka 3 kwa uchache. Aitwe fundi mwenye leseni, naye alifungue kwa mfuniko mkubwa, si kwa kijibomba cha ukaguzi, ili tope lote litoke.

2. Maji yatumiwe kwa kiasi. Nguo za juma zima zisifuliwe siku moja, na choo kinachovuja kitengenezwe. Tunapotawadha, bomba lisimiminike ovyo, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji.

3. Mafuta ya kukaangia sambusa na bajia yasimwagwe katika sinki. Yapoe, yatiwe koponi, yatupwe pamoja na taka. Nepi na vitambaa vya kufutia visitupwe chooni, hata kama pakiti yasema vyafaa. Dawa zinazouzwa kwa kutiwa karoni hazina haja.

4. Penye maji ya ardhini yaliyo karibu, uwanja hujengwa kama kilima cha mchanga chenye nyasi, ili pawe na futi 3 za udongo usiolowa chini yake. Gari lisipite juu yake, wala mti usipandwe.

5. Wakati wa vuli nyasi za hapo ziachwe zirefuke, na theluji isishindiliwe, kwani ndiyo blanketi lake. Bomba linalodondoka hugandisha njia ya maji. Mwenye kusafiri kwenda nyumbani majira ya baridi amwombe jirani aiangalie nyumba.

6. Mtu asiingie tangini kamwe, hata kwa kumwokoa mwenziwe. Hewa ya humo huua kwa dakika chache. Mfuniko ufungwe imara, watoto wasiweze kuufungua.

Na ambaye bado hajanunua, aulize kabla ya kutia saini. Sheria ya Minnesota humlazimu muuzaji aeleze kwa maandishi hali ya karo. Aombe pia stakabadhi za kunyonywa. Muuzaji akikosa hata moja, karo likaguliwe kwanza, bei izungumzwe baadaye.

Wabillahi tawfiq.