Fahamu: Mwalimu mnasihi hufanya kazi gani shuleni?

Asubuhi ya mvua Tukuyu, sweta halijakauka, mwanafunzi amekaa dawati la nyuma, daftari hajalifungua. Wengi tutasema ni mvivu. Mwalimu mnasihi huuliza kwa upole: umelala wapi, umekula nini, nani anakutisha?

Mwanasaikolojia wa kudumu ni nadra katika shule zetu. Mzigo huo hubebwa na mwalimu mwenye vipindi vyake vilevile, nami naona anastahili kupunguziwa. Humsikiliza mtoto faraghani na kumtunzia siri. Usalama ukiwa hatarini, humhusisha afisa ustawi wa jamii.

Tangu Serikali ya Tanzania iruhusu kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, kuna pia msichana anayerudi darasani baada ya kujifungua. Naye anahitaji sikio hilo.

Mtoto anaweza pia kupiga simu ya msaada kwa watoto, 116, bure.