Soma Cheti cha Dawa Kabla Hujaondoka

Mkulima apelekaye maziwa kwenye chama huisoma risiti yake papo hapo. Kilo ikipungua hata moja, huuliza kabla gari halijaondoka. Lakini mkulima huyo huyo akipewa cheti cha dawa, hukikunja, hukitia mfukoni na kwenda zake, hata kama maandishi yake ni kama nyayo za kuku matopeni.

Tuseme mtoto wako ana homa, na cheti kinasema tu: "Paracetamol ya maji, kijiko 1 x 3." Kijiko gani? Kijiko cha chai huchukua mililita 5, na kile cha mezani huchukua 15. Tena dawa hiyo huuzwa kwa nguvu mbali mbali: iko chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na iko yenye miligramu 250. Ukikosea kijiko na chupa pia, mtoto aweza kunywa zaidi ya mara sita ya kile alichokusudia daktari. Paracetamol ikizidi mno huharibu ini.

Cheti kamili huwa na jina la mgonjwa, umri wake na tarehe. Kwa mtoto mdogo yafaa uzito uandikwe pia, kwa kuwa dawa nyingi za watoto hupimwa kwa kilo. Kisha jina la dawa, lote, lisikatwe, nguvu yake, kiasi cha kila mara, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi. Mwisho ni jina na sahihi ya aliyeandika.

Hizo siku zisiachwe kamwe. Tazama dawa ya malaria iitwayo AL. Mtu mzima hupewa tembe 4 mara 2 kwa siku, siku 3, jumla 24. Siku zisipoandikwa, homa ikishuka kesho watu huziweka zilizobaki. Tena zile 4 za pili humezwa saa 8 baada ya za kwanza, yaani muda wa saa 8, wala si saa nane ya mchana! Hapa wengi hupotea, na kosa si lao.

Basi usione haya. Mwambie, "Daktari, tafadhali nisomee," naye akisha kusoma, nawe mrudilie uliyoyasikia. Dispensari nyingine siku hizi huandika kwa kompyuta, na herufi zasomeka vizuri, lakini hata karatasi hiyo yaweza kukosa idadi ya siku. Na ukiona muuza dawa anakigeuza-geuza cheti kwenye mwanga, kisha anasema, "Nadhani ni hii," usilipe. Aulize kwa simu, au urudi ulikotoka, ijapokuwa ni mbali.

Dawa ikiisha usikitupe cheti. Kiweke pamoja na karatasi za shamba, ukichukue safari ijayo, ili daktari mwingine aone ulichotumia.