Mzee anapovunjika nyonga: apasuliwe au asipasuliwe?

Kila msimu wa baridi, theluji na barafu zinapotanda Minneapolis na Saint Paul, jimboni Minnesota, Marekani, hospitali hupokea wazee waliovunjika mifupa. Hata hivyo, wengi wa wanaovunjika nyonga huwa wameanguka ndani ya nyumba.

Miji hiyo miwili na viunga vyake ni makao ya jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini Marekani, na pia ya Waoromo na Wakenya wengi. Baadhi ya waliofika huko miaka ya 1990 wakiwa wazazi, leo ni mababu na mabibi, na watoto wao ndio wanaoulizwa na daktari: tumpasue?

Mifupa haifanani

Mzee aliyevunjika kifundo cha mkono mara nyingi hutosheka na plasta. Nyonga ni jambo jingine. Asiyepasuliwa aghalabu hubaki kitandani kwa majuma mengi, akikabiliwa na vidonda, kuganda kwa damu na homa ya mapafu.

Ndiyo maana madaktari hupendelea kumpasua ndani ya siku moja au mbili, hata akiwa na umri wa miaka 90. Lengo la kwanza ni kumpunguzia maumivu na kumwezesha kuketi na kusimama.

Lakini upasuaji haurudishi ujana. Takriban robo ya wazee wanaovunjika nyonga hufariki dunia katika mwaka unaofuata, na wengi wa wanaosalia hawatembei tena kama zamani.

Njia ya pili

Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wagonjwa 172 dhaifu mno, waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Baada ya mashauriano, 88 hawakupasuliwa, bali walitulizwa maumivu. Wengi wao walifariki katika muda wa mwezi mmoja, lakini hali yao katika siku hizo haikuwa mbaya kuliko ya waliopasuliwa.

Hivyo swali la msingi si umri. Je, mzee alikuwa akitembea kabla ya kuanguka? Ana akili timamu? Anachokiogopa zaidi ni kifo, au ni kulala bila kujiweza?

Nani aulizwe?

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, habari nzito huambiwa kwanza mtoto mkubwa, naye mzazi akafichwa. Marekani, mgonjwa mwenye fahamu ndiye anayeamua. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hulazimika kumpatia mkalimani bila malipo. Mtoto anayemtafsiria mama yake huweza, kwa huruma, kupunguza uzito wa maneno, na mama akakubali asilolielewa.

Tangu mwaka 1998, sheria ya Minnesota inamruhusu mtu mzima kuandika matakwa yake ya matibabu na kumtaja atakayemsemea, mbele ya mashahidi wawili au mthibitishaji wa hati.

Waraka huo huandikwa mzee angali mzima. Baada ya kuanguka, maumivu na dawa huenda zikamnyima nafasi ya kusema.