Chemirocha, Mtu wa Reli Aliyeimba

Apitaye Laini Saba, huko Kibera, siku ya Jumapili watu watokapo kanisani, hakosi kusikia redio ya kinyozi au ya mwenye kioski ikitoa nyimbo za gitaa za Kimarekani, nyimbo za taratibu za mtu aliyeachwa au aliye mbali na kwao. Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, angali anapendwa nchini Kenya kana kwamba alizaliwa Kakamega. Lakini ukiuliza ni nani aliyezitangulia nyimbo za namna hii, wengi watanyamaza. Jina lake ni Jimmie Rodgers, na watu wa Kibera, wakaao karibu na reli hata mlio wa gari la moshi hauwaamshi tena, wanayo haki ya kumjua, maana alikuwa mtu wa reli.

Alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1897, akalelewa katika upande wa Meridian, katika jimbo la Mississippi. Mama yake alikufa angali mtoto mdogo. Baba yake alikuwa msimamizi wa kundi la watengenezaji wa njia ya reli, naye kijana akaanza kwa kuwapelekea maji ya kunywa. Wengi wa vibarua hao walikuwa Weusi, na inasimuliwa kwamba kwao ndiko alikojifunza nyimbo za kazi na namna ya kuchezea nyuzi. Baadaye akawa mtu wa breki katika mabehewa. Kazi ilikuwa ya kupatikana leo na kukosekana kesho, naye alikuwa amekwisha kuoa.

Mwaka 1924 madaktari wakamwambia kwamba ana kifua kikuu. Msomaji akumbuke kwamba siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomisini haikugunduliwa mpaka mwaka 1943. Leo mtu wa Laini Saba akikohoa wiki mbili huenda kituo cha afya cha serikali, akapimwa, akapewa vidonge bila ya malipo, akapona. Rodgers aliambiwa apumzike tu. Mwenye mke na mtoto atapumzika kwa fedha ya nani? Kazi ya reli ikamshinda, akashika gitaa.

Mwezi wa Julai, 1927, bwana mmoja wa kampuni ya santuri ya Victor, jina lake Ralph Peer, alifika katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, kuwatafuta waimbaji wa mashamba. Rodgers alikwenda na wenzake, lakini wakagombana juu ya jina la kundi, wakamwacha. Basi tarehe 4 Agosti akaimba peke yake nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Ugomvi ule, kwa maoni yangu, ulikuwa bahati yake kubwa. Mwezi wa Novemba alikwenda Camden, New Jersey, akaimba wimbo wake uitwao "Blue Yodel", na katika muda mfupi jina lake likaenea Marekani yote. Kilichowavuta watu ni ile sauti yake iliyopanda ghafla na kuvunjika kooni, kama waitavyo wachungaji wa ng'ombe katika milima ya Uswisi, lakini yeye aliitia ndani yake huzuni ya wale vibarua wa reli.

Alijenga nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, kwa ajili ya hewa kavu, kisha akalazimika kuiuza. Mwaka 1930 aliimba huku Louis Armstrong akipiga tarumbeta na mkewe Lil Hardin akipiga piano. Katika nchi iliyowatenga watu kwa rangi, majina ya wawili hawa hayakuandikwa juu ya santuri. Mwaka uliofuata aliimba kuwachangia wakulima walioharibikiwa na ukame, akatoa na wimbo juu ya ugonjwa wake mwenyewe.

Mwezi wa Mei, 1933, alikwenda New York kurekodi nyimbo zake za mwisho. Alikuwa dhaifu mno hata akawekewa kitanda cha kujinyosha baina ya wimbo na wimbo. Alihitaji fedha kwa ajili ya jamaa yake, akaimaliza kazi. Tarehe 26 alifariki hotelini, umri wake miaka 35, na gari la moshi likauchukua mwili wake mpaka Meridian. Aliacha nyimbo zaidi ya 100.

Lakini santuri haifi. Gramafoni za Wazungu zilizileta nyimbo zake mpaka nchi ya Wakipsigis, na vijana waliomsikia wakalitamka jina lake kwa namna ya kwao: Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa kinubi cha kwao, wakimwalika huyo Chemirocha aje acheze. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfikiri kuwa kiumbe, nusu mtu na nusu swala. Nadhani mtu wa breki wa Mississippi angalicheka sana kusikia hayo.

Wimbo huo ukazunguka dunia, nao wenyewe wakabaki vilimani bila santuri yake. Mnamo mwaka 2015 ndipo watu wa maktaba ile ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, pamoja na wenzao wa Kenya, waliporudi na nakala. Baadhi ya wale waliorekodiwa mwaka 1950 walikuwa wangali hai. Wakakaa na wajukuu wao, wakasikiliza sauti za ujana wao zikitoka katika mashine, baada ya miaka 65.