Bukavu: baada ya ahadi za usafi na miti, washauri wa komini wanaweza kufanya nini?

Katika mji wa Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini, washauri wa komini walichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023. Tume ya uchaguzi CENI ilitangaza majina yao mwezi wa kwanza 2024. Wakati wa kampeni, takataka, mifereji iliyoziba na nyumba zinazobomoka milimani zilikuwa kati ya mambo yaliyoahidiwa kushughulikiwa. Sasa wakaaji wa Ibanda, Kadutu na Bagira wanataka kujua ni lipi kati ya hayo mshauri wa komini anaweza kufanya kweli, na ni lipi lilisemwa tu ili kutafuta kura.

Ni swali la uhai na kifo. Siku chache baada ya uchaguzi, mwishoni mwa Desemba, mvua kubwa ilinyesha juu ya mji na udongo ukaangukia nyumba katika komini ya Ibanda. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Miezi saba kabla, tarehe 4 Mei 2023, maji na mawe yalifagia Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Kule miili zaidi ya 400 iliokotwa, na watu wengine wengi hawakuonekana tena.

Kura iliyongojewa tangu 2006

Katiba ya 2006 inataka komini iongozwe na watu waliochaguliwa na wakaaji wake. Lakini uchaguzi huo uliahirishwa kila mara, na maburgumestre wakaendelea kuteuliwa kutoka juu. Mwaka 2023 CENI iliuandaa kwa mara ya kwanza, katika komini za Kinshasa na za makao makuu ya majimbo peke yake. Viti vilikuwa 915 katika inchi nzima. Mashariki, Bukavu, Goma, Bunia, Kisangani, Kindu na Kalemie zilihusika. Beni, Butembo na Uvira ni miji mikubwa, ila si makao makuu ya majimbo, kwa hiyo zilibaki nje.

Wagombea wa komini walipewa siku 15 tu za kampeni, na ilikuwa katikati ya kampeni ya raisi na ya wabunge. Siku ya kura, mpiga kura alipaswa kuchagua raisi, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komini kwa mara moja. Katika Kivu, vita na usalama vilichukua nafasi kubwa ya mazungumzo. Mambo ya mazingira yalipita haraka, mara nyingi kwa neno moja tu: usafi.

Sheria inawapa kazi gani

Kazi za komini zimeandikwa katika sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, ile inayohusu miji, komini, sekta na usheferi. Baraza la komini ndilo linalochagua burgumestre na msaidizi wake. Linapiga kura juu ya bajeti. Linaamua juu ya barabara ndogo za komini, mifereji ya maji ya mvua, masoko, na kuokota na kuondoa takataka. Tena, washauri hao ndio wanaochagua washauri wa mji, ambao wanapaswa kufuatilia kazi ya meya.

Kwa hiyo mgombea aliyeahidi kuzibua mifereji ya kartie yake aliahidi jambo lililo ndani ya uwezo wa baraza. Yule aliyeahidi kufuta hati za viwanja vilivyouzwa mahali pa hatari alienda mbali kuliko kiti chake. Hati hizo zinatoka kwa idara ya ardhi, ambayo iko chini ya wizara ya taifa. Komini haiwezi kuifuta hata moja. Inachoweza kufanya ni kupiga kelele mapema, kuandika barua kwa meya na kwa gavana, na kukataa kutengeneza njia inayofungua mteremko kwa wajenzi wapya.

Plastiki kutoka mfereji hadi turbini

Jambo la takataka ndilo linaloonyesha vizuri nguvu ya komini. Bukavu imejengwa juu ya vilima vinavyoshuka ziwani. Chupa au sashe inayotupwa Kadutu haibaki Kadutu. Mvua inaibeba ndani ya mifereji, kisha ndani ya mto Kahwa, na mwisho ndani ya ziwa Kivu. Ziwa nalo linatoka kwa mto Ruzizi, pale pale Bukavu, na hapo ndipo kuna barazi ya Ruzizi 1, iliyoanza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950.

Plastiki zinarundikana mbele ya barazi na kuingia kwenye mashine. Wafanyakazi wa SNEL wanalazimika kuzitoa, mara nyingine kusimamisha turbini ili isafishwe. Kartie zinabaki gizani. Mkaaji anayelalamikia umeme jioni pengine ndiye aliyetupa chupa yake asubuhi, kwa sababu hakuna pipa wala gari la kuokota taka linalofika kwenye avenyu yake.

Serikali ya taifa ilikwisha kutoa agizo namba 17/018 la tarehe 30 Desemba 2017, linalokataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, masashe na vifungio vingine vya plastiki. Hata hivyo, sokoni Kadutu na Nyawera masashe yangali yanatumiwa mchana kweupe. Mshauri hahitaji kuandika sheria mpya hapo. Anahitaji kuuliza, mbele ya baraza, pesa za taksi zinazolipwa na wauzaji kila siku zinaenda wapi, na ni ngapi kati yake zinarudi kuondoa takataka za soko lenyewe.

Ardhi inayotembea Funu

Jambo la pili ni gumu zaidi. Katika Kadutu, upande wa Funu, kilima kinateleza polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake. Kuta zinapasuka, zinatengenezwa, zinapasuka tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kuongezeka kwa nyumba kumeharakisha mwendo wa ardhi hiyo. Kila bati linalowekwa, kila njia inayokanyagwa inabadili namna maji ya mvua yanavyoingia udongoni.

Kusema tu kwamba watu wahame hakusaidii. Wengi walifika mjini wakikimbia vita vijijini, wakanunua kipande cha kiwanja pale ambapo pesa yao ilitosha. Mgombea aliyeahidi kuwahamisha bila kuonyesha mahali pa kuwapeleka aliahidi neno tupu. Lakini kuna kazi ndogo zinazopunguza hatari: kuongoza maji ya mabati ndani ya mifereji iliyojengwa, kufunga bomba zinazovuja, kukataza kuchimba chini ya ukuta wa jirani, na kuweka shefu wa avenyu anayejua nani wa kuamusha mvua ikizidi usiku. Hizo zinaweza kupangwa katika kiwango cha komini.

Miti, makala na pesa

Ahadi ya kupanda miti inapendeza na haigharimu sana. Miti inayoshika udongo kwenye mteremko ina faida yake. Ila nyumba nyingi za Bukavu zinapika kwa makala, na sehemu ya makala hayo inatoka Kabare, Kalehe na hata ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urizi wa dunia ulio hatarini tangu 1997. Miche mia moja kando ya barabara haiwezi kujibu mahitaji ya mji mzima. Umeme wa kudumu na majiko yanayotumia makala kidogo vingesaidia zaidi, na hapo habari inarudi tena kwenye barazi na plastiki.

Kinachobaki ni pesa. Sheria ya 2008 inasema kwamba miji, komini, sekta na usheferi wanapaswa kupata asilimia 40 ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa jimbo. Viongozi wa komini wamelalamika kwa miaka mingi kwamba pesa hizo hazifiki, ao zinafika kidogo na kwa kuchelewa. Burgumestre aliyeteuliwa alikuwa na woga wa kudai. Mshauri aliyechaguliwa ana wapiga kura nyuma yake.

Mabaraza yakikaa, bajeti ya kwanza ndiyo itakayoonyesha nani alisema kweli. Mkaaji anayetaka kufuatilia anaweza kumuuliza mshauri wake mambo matatu: franka ngapi zimewekwa kwa ajili ya mifereji, nani ataokota takataka na siku gani, na mteremko upi hautaruhusiwa tena kujengwa. Majibu yanapaswa kupatikana mbele ya mwezi wa kenda, wakati mvua zitakaporudi.