Msiyachokonoe Meno Yaliyotulia

Juma lililopita alikaa kitini kwangu mama wa miaka hamsini na ushei, akafungua kinywa kabla sijamuuliza lolote. “Dokta, nitolee haya ya chuma yote manne. Kichwa kimenichosha.” Nikayakagua: vijazio vya zamani vya amalgamu, kingo zimeshika, hakuna ufa, hakuna kuoza chini yake. Nikampima presha. 170 kwa 110. Mwaka mzima amehangaika na meno yasiyo na kosa, na hakuna aliyemfunga kipimo cha presha mkononi.

Ombi lake nalisikia kila mara, na subira yangu imekwisha.

Ndiyo, amalgamu ina zebaki, karibu nusu ya uzito wake. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Ndiyo, mvuke kidogo hutoka mtu anapotafuna, na zebaki hiyo huonekana kwenye mkojo. Hayo sibishani nayo. Nabishana na kauli inayofuata: kwamba ukiitoa, maumivu ya kichwa, viungo, uchovu na usahaulifu vitaondoka pamoja nayo.

Kauli hiyo imepimwa. Huko Ujerumani, mjini München, watafiti waliwachukua watu 90 walioamini kuwa amalgamu inawaumiza, wakawagawa kwa kura makundi matatu. Wa kwanza walitolewa amalgamu. Wa pili walitolewa, kisha wakapewa vitamini na madini ya “kusafisha mwili”. Wa tatu meno yao hayakuguswa. Walifundishwa namna ya kuishi kwa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Baada ya miezi 12 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu, na hakuna lililolizidi jingine kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa waliotolewa, zebaki mwilini ilishuka kweli, lakini hawakupona kuliko wenzao. Kwa hiyo mgonjwa akiniambia “jirani yangu alitoa akapona”, simwiti jirani mwongo. Nafuu aliipata. Ila waliobaki na amalgamu yao mdomoni nao waliipata.

Watoto nao wamechunguzwa. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya tafiti mbili, moja ya Ureno na nyingine ya Marekani, kila moja ikiwa na watoto zaidi ya 500 waliofuatiliwa kwa miaka. Waliozibwa kwa amalgamu na waliozibwa kwa vifaa vyeupe hawakutofautiana akili wala kumbukumbu.

Sasa fikirini kutoa kwenyewe kulivyo. Amalgamu iliyotulia huachia mvuke kidogo kidogo. Ukiipelekea mashine ya kuchonga inayozunguka kwa kasi, joto na vumbi hupandisha mvuke huo ghafla, na zebaki katika damu huongezeka kwa siku kadhaa. Mtu anakimbia sumu kwa kuivuta puani! Tena kila tunapochonga, tunakula na sehemu nzima ya jino iliyo kando ya kijazio. Tundu linakua, linasogelea kiini, na jino lililokuwa halina neno linaishia kutibiwa mzizi au kung'olewa.

Kisha, kwa jina la kusafisha zebaki mwilini, linaletwa beseni la miguu. Mgonjwa anatumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi yenye waya wa umeme, maji yanageuka rangi ya kutu, anaambiwa: tazama zebaki yako inatoka. Ile ni kutu kweli, ya vyuma vilivyomo ndani ya beseni vinavyolika kwa umeme na chumvi. Mwambieni mwenye mashine aiwashe bila miguu ya mtu. Maji yatabadilika vilevile. Hatari zaidi ni dripu za “kuvuta madini”. Dawa hizo zina kazi yake hospitalini kwa mtu aliyepimwa akakutwa na sumu, lakini Marekani, kati ya 2003 na 2005, watu watatu walikufa baada ya dripu ya aina hiyo kushusha kalsiamu ya damu yao.

Wengine hunijia na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Ni kweli, dunia inaiacha amalgamu. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku tangu Januari 2025. Sababu kubwa ni zebaki inayofika kwenye maji, udongo na samaki. Marufuku hiyo inahusu kuziba upya. Haikuamuru mtu yeyote akatoe iliyomo kinywani. Anayeiogopa zebaki awatazame kwanza wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wanaochoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki kwenye kikaango, na krimu za kujichubua zenye zebaki anazojipaka usoni.

Ya kufanya ni haya. Kijazio kikipasuka, kikiachia, jino likioza chini yake, au ukiwa na mabaka meupe shavuni yanayogusana nacho, kitolewe. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, subiri. Kikitolewa, daktari atenge jino kwa mpira, amwage maji, avute kwa mashine yenye nguvu, akate vipande badala ya kusaga, afungue dirisha. Cheupe cha kompoziti kinapendeza lakini kinataka jino kavu na muda. Glasi ionoma ni nafuu na hutoa floraidi, ingawa hulika mapema. Mtoto wa chini ya miaka 15 asizibwe kwa amalgamu.

Mama yule nilimwandikia barua ya kliniki ya presha. Meno yake manne anatafunia hadi leo.