Jicho la Mlangoni na Sitara ya Ndani

Tulikuwa tumeketi uani kwa jirani, usiku wa kumtia hina bi arusi. Mabuibui yalikuwa yamevuliwa, nywele zi wazi, na mabinti wakicheza. Ghafla bibi mmoja akainua macho, akaona vijitaa vyekundu penye pembe ya ukuta. Ilikuwa kamera. Mwenye nyumba alishtuka, alikuwa ameisahau. Mwanawe ndiye aliyeiweka baada ya mashine ya maji kuibwa, na kila inachokiona hufika kwenye simu yake. Kijana mwenyewe wakati huo alikuwa zamuni kazini, pamoja na wenziwe.

Hatuandiki haya ili kuzipinga kamera. Kulinda nafsi na mali ni haki, na mama aliyebaki na watoto, mume yu safarini, hupata utulivu akiweza kumwona anayebisha kabla hajafungua. Suali letu ni hili: jicho hilo limeelekezwa wapi, na ni nani anayelitumia kutazama?

Nyumba za kale za Lamu zilikwisha kulijibu kwa mawe. Mgeni huishia dakani. Akivuka mlango hukutana na tekani, iliyopindishwa ili mpita njia asikione kiwanda, yaani ua wa ndani, hata mlango ukiwa wazi.

Katika Suratun Nur, aya ya 27 yatuamrisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Aya ya 58 yawataka hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Isha. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimkemea mtu aliyechungulia tunduni mwa mlango wake, akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Mtoto hufunzwa kupiga hodi. Kamera ya sebuleni haipigi hodi wakati wowote.

Basi mahali pake ni langoni, penye gari na kwenye ngazi. Iangalie pia isivuke ukuta: majumba yetu ya Mombasa yamebanana, na kamera ya ghorofani huweza kumwona jirani anapoanika nguo. Programu nyingi huruhusu kuziba sehemu ya picha. Mtake fundi aizibe mbele yako. Dada wa kazi naye aambiwe kamera zilipo, kwani kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, si mwenye nyumba peke yake.

Lililo zito zaidi ni neno la siri. Fundi akishamaliza kazi huondoka akilijua, na mara nyingi hakuna anayelibadilisha. Libadilishe siku hiyo hiyo, na mkubaliane nyumbani ni simu za nani zitakazopokea picha. Tunapendelea mtambo unaohifadhi picha kwenye diski iliyofungiwa ndani kuliko unaozipeleka kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali.

Usiku ule bibi yule alipanda kiti, akaifunika kamera kwa leso, na hina ikaendelea. Wiki iliyofuata tuliikuta imehamishiwa langoni. Leso haijarudishwa kwa mwenyewe.